UFAFANUZI KUHUSU HEDIFONI ZA USB KATIKA MFUMO WA LINUX

Watumiaji wote wa kompyuta zenye mfumo wa Linux, wakiwemo walimu wa skuli na watendaji wa ofisi, wanafahamishwa kwamba hedifoni ya USB inayochomekwa ikakaa kimya aghalabu si mbovu. Ni vyema jambo hili likaeleweka kabla kifaa hakijatupwa, au fedha hazijatumika kununua kingine, au mfumo usiolipiwa haujaondolewa kwa dhana kwamba ndio wenye kasoro.

Hedifoni ya plagi ya duara hupokea sauti iliyokwisha kutayarishwa na kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta. Hedifoni ya USB haiko hivyo, kwani ina kadi yake yenyewe. Inapochomekwa, kompyuta huwa na kadi mbili, na mfumo hubidi uchague moja. Pengine huendelea kuipeleka sauti kwenye spika za zamani, na mvaaji asisikie kitu. Kipaza sauti nacho hupatwa na hali hiyo hiyo.

Kanuni za pamoja za vifaa vya sauti vya USB zilitolewa mwaka 1998. Hedifoni inayozifuata haihitaji programu ya mtengenezaji, kwa kuwa Linux huitambua kwa njia ya ALSA, iliyomo katika kiini cha mfumo huo tangu toleo la 2.6 la mwaka 2003. Juu ya ALSA hukaa programu ya kugawa sauti, ambayo ni PulseAudio au PipeWire. Hiyo ndiyo huamua kadi ipi itumike, na hapo ndipo kosa hutokea mara nyingi.

Mtumiaji anashauriwa kufuata utaratibu ufuatao:

(a) Aandike amri lsusb katika dirisha la amri. Iwapo hedifoni haimo katika orodha, aichomeke moja kwa moja kwenye tundu jingine la kompyuta, bila ya kupitia kigawanya matundu, kwani baadhi ya vigawanyaji havitoi umeme wa kutosha.

(b) Aandike aplay -l ili kuona kadi za kutolea sauti, na arecord -l ili kuona za kuingizia. Hedifoni inatakiwa ionekane kote kuwili.

(c) Afungue mipangilio ya sauti na kuchagua jina la hedifoni katika sehemu mbili: ya kutolea sauti na ya kuingizia. Anayebadilisha ya kutolea sauti tu huweza kusikia wenzake, lakini wao wasimsikie.

(d) Aandike alsamixer, abonyeze F6 na kuchagua hedifoni. Alama MM maana yake ni kwamba sauti imefungwa. Herufi M huifungua.

(e) Ajirikodi kwa sekunde 5 kwa amri arecord -d 5 -f cd jaribio.wav, kisha ajisikilize kwa aplay jaribio.wav.

Iwapo jaribio limefaulu lakini mkutano wa mtandaoni bado uko kimya, kasoro haimo katika hedifoni. Programu za mikutano huwa na mipangilio yake ya sauti, na kivinjari huhitaji kupewa ruhusa ya kutumia kipaza sauti.

Hedifoni isiyoonekana kwa lsusb katika kompyuta mbili tofauti, kwa kutumia matundu yanayofanya kazi, ndiyo yenye kustahiki kuhesabiwa kuwa mbovu. Anayeipeleka kwa fundi anaombwa apeleke pamoja nayo matokeo ya amri zilizotajwa, kwani neno “haifanyi kazi” peke yake halimwelezi fundi pa kuanzia.

Mwisho, wenye usaili, somo au mkutano wa mtandaoni wanahimizwa kufanya jaribio hili siku moja kabla. Nafasi ya kazi isipotee kwa sababu ya sauti iliyopelekwa kwenye kadi isiyo yake.