Picha Bila Madirisha: Kazi Iliyobaki kwa Kompyuta Kuukuu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi zisizoweza kubeba Windows 11 zikabaki njia panda. Mwenye saiba Kitale au mwalimu wa kompyuta Bungoma anayezimiliki hana haja ya kuzitupa. Linux, mfumo endeshi wa bure, huweza kuonyesha picha, vitabu na hata video kwenye mashine dhaifu, bila mfumo wowote wa madirisha.

Wengi tumezoea kudhani kwamba pasipo madirisha hakuna picha, bali maandishi meupe kwenye kioo cheusi tu. Sivyo. Mfumo wa madirisha wa X, ulioanza chuo cha MIT mwaka 1984, ni mpatanishi: hugawa kioo kati ya programu nyingi. Chini yake ipo kerneli, kiini cha Linux, inayosimamia kadi ya michoro. Tangu Linux 2.2 ya Januari 1999, kerneli kwenye kompyuta za kawaida huweza kukiweka kioo kizima mbele ya programu kama faili moja, /dev/fb0, yaani fremubafa.

Ichukue fremubafa kama shamba la mahindi la Trans Nzoia lililopandwa kwa mistari. Kila shimo ni pikseli, na mbegu yake ni rangi. Kioo cha 1024 kwa 768 kina mashimo 786,432. Kila pikseli ikichukua baiti 4, shamba zima ni megabaiti 3 tu. Programu ikitaka nukta nyekundu, hukokotoa mstari na nafasi, kisha huandika baiti nne mahali hapo. Eneo-kazi kamili la madirisha, kwa upande wake, hula mamia ya megabaiti za RAM kabla hujafungua chochote.

Zana zipo, tena bure. Kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, fbi hufungua picha, na mwenzake fbgs huonyesha faili za PDF, kama vile mitihani ya zamani au mwongozo wa kilimo. Kivinjari links2, kikiitwa kwa amri links2 -g, huonyesha kurasa pamoja na picha zake. Video huchezwa na mpv kwa chaguo --vo=drm, njia mpya zaidi kuliko fremubafa, ambayo kerneli ilianza kuifungulia mlango mwaka 2009 ilipokabidhiwa kazi ya kupanga kioo.

Mipaka ipo pia. Programu moja hushika kioo kizima. Kwenda kwenye nyingine, unabonyeza Alt na F2 kufungua kioo cha pili. Firefox na LibreOffice bado zinadai madirisha, na tovuti nzito zitaishinda links2. Lakini kwa kituo cha kusomea vitabu au kioo cha matangazo, hayo si kikwazo.

Faida kubwa zaidi ni elimu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii au wa Kitale National Polytechnic akiandika baiti chache na kuona nukta ikiwaka, ataelewa kumbukumbu ya kompyuta vizuri zaidi kuliko kwa kukariri.

Walimu, msiziuze mashine hizo kama vyuma chakavu kabla ya kuzijaribu. Sakinisheni Debian, bonyezeni Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja ili kutoka kwenye madirisha, ingieni kwa jina na nenosiri, kisha muwape wanafunzi fursa ya kuchora.