Somo la Muziki Huanzia Kwenye Kamba

Mzazi, ukitaka kujua kama mwanao ana muziki, usimtazame akiwa darasani. Mtazame Jumamosi alasiri katika ploti za Mwiki, huku Nairobi inakopakana na Ruiru, wasichana wawili wakizungusha kamba na wa tatu akiruka. Wimbo haukatiki, kamba inagonga sakafu pale pale, na anayekosa pigo anatoka. Mwalimu hayupo, lakini mtihani unafanywa kila dakika na hakuna anayelia kwa kuanguka.

Binti yangu ni bingwa wa mchezo huo. Hata hivyo, alipoingia Gredi ya Nne alirudi nyumbani siku moja akaniambia, "Baba, mimi sijui muziki." Daftari lilijaa noti alizonakili ubaoni. Rikoda, ile filimbi ya plastiki tuliyotakiwa kununua, ilikuwa ingali mfukoni mwake.

Tusikimbilie kuwalaumu walimu. Wengi wetu tulifundishwa vivyo hivyo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, muziki ulikuwamo katika shule ya msingi, lakini tuliukariri kama tarehe za historia. Ulipoondolewa katika mtihani wa KCPE, shule nyingi ziliwaachia wanakwaya wanaojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927. Kisichotahiniwa hakifundishwi! Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa 2019, umeurudisha pamoja na michezo yake. Lakini katika darasa lililofurika watoto, kelele bado huonekana kuwa utukutu.

Hebu isikilize kelele hiyo. Watoto wawili wanaopigiana makofi hufanya mambo mawili kwa pamoja: mikono inashika pigo lisilobadilika, huku maneno ya wimbo yakikimbia na kupunguza mwendo juu yake. Hiyo ndiyo tofauti ya pigo na mdundo, jambo ambalo ubaoni humaliza kipindi kizima na bado lisieleweke. Mwache mtoto apige kwanza, kisha mpe jina la alichokipiga. Mhungaria Zoltán Kodály (1882–1967) alianzia hapo hapo, kwa nyimbo za michezo ya watoto wa nchi yake. Mjerumani Carl Orff naye alitumia maneno, miondoko na ala za kugonga. Sisi tuna kayamba, na asiye nayo atie ndengu katika mkebe.

Basi tukaitoa ile rikoda. Noti tatu tu, B, A na G, zote za mkono wa kushoto. Mimi napiga mbili, yeye ananijibu kama mwangwi. Anayekosea anapoteza zamu. (Ninayekosea zaidi ni mimi.) Wiki ya pili alikuwa ameacha kunijibu, anabuni zake. Sasa amemgeukia mdogo wake, wanajibizana kwenye ngazi kila jioni, na jirani wa chini ameniuliza kwa adabu kama noti ya nne itakuja lini.