Mtungi wa Kuzimia Moto Katika Gari la Kazi



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mishahara na saa za kazi. Leo tunazungumza juu ya mtungi mwekundu unaofungwa karibu na kiti cha dereva. Wengi wetu tunausahau mpaka siku ya moto.

Barabara ya Taifa namba 1 inateremka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mpaka Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika. Lori lililojaa mizigo likiteremka hapo, breki zake hushika joto kali. Katika mteremko huo mwenzetu mmoja, dereva wa kiwanda ambacho hatukitaji, aliona moshi kwenye gurudumu la nyuma. Alisimamisha gari, akawashusha wapakiaji wote, akachukua mtungi. Mtungi ulitoa unga kidogo tu, kisha basi. Unga ulikuwa umegandamana kwa miaka ya kutikiswa barabarani. Watu walipona, lori likaungua. Kesho yake dereva akapewa barua ya kutakiwa kujieleza. Sisi tunauliza: ni nani hasa aliyepaswa kujieleza?

AINA ZA MITUNGI

Unga. Huu unazima upesi moto wa petroli, dizeli na nyaya. Lakini haupozi chuma. Injini ikiwa bado na joto kali, mafuta huweza kuwaka tena. Tena mtungi wa kilo 2 huisha kwa muda wa sekunde 10 hivi.

Povu. Hili hufunika mafuta kama blanketi na hupoza pia, kwa hiyo moto haurudi kwa urahisi.

Hewa ya kaboni. Haichafui mashine, na inafaa kwa swichi za umeme kiwandani. Barabarani upepo huipeperusha, na ndani ya chumba kilichofungwa humkosesha mtu pumzi.

Maji. Kwa petroli inayowaka ni hatari, maana huisambaza. Lakini tairi lililoshika moto halizimiki sawasawa bila kupozwa kwa maji mengi. Anayelizima asisimame ubavuni mwake, kwa sababu laweza kupasuka.

Basi, kwa lori letu la milimani tunashauri mtungi wa unga wa kilo 6 au zaidi, na madumu ya maji kwa ajili ya magurudumu. Kwa gari dogo, kilo 2 ni kima cha chini.

FUNZO LA MAGARI YA MASHINDANO

Magari ya Safari Rally ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, hayategemei mtungi wa mkononi peke yake. Mtungi mwingine umefungwa imara ndani ya gari, na mabomba yake yanafika kwenye injini na mahali anapokaa dereva. Kifyatulio kimoja kiko karibu na dereva. Kingine kiko nje, chenye alama ya herufi E nyekundu, ili hata mpita njia aweze kukivuta. Siku hizi mabasi mengine nayo yana mtambo wa namna hiyo katika injini, unaojifungua wenyewe kwa joto.

Waliotengeneza mtambo huo walijua kwamba dereva aweza kuzimia au kubanwa. Hawakumwachia yeye peke yake mzigo wote. Gari linalobeba wafanyakazi nalo lastahili kufikiriwa hivyo hivyo.

TUNAYODAI

1. Kila gari la kazi liwe na mtungi unaofaa, mahali unapofikika, si chini ya magunia.

2. Kila mwezi mshale wa kipimo utazamwe kama uko kwenye kijani, na mtungi wa unga upinduliwe na kutikiswa. Kila mwaka fundi aukague na kuandika tarehe.

3. Dereva na wapakiaji wafundishwe kwa vitendo: kuzima injini, kusimama upande unakotoka upepo, kulenga shina la moto. Boneti isifunguliwe wazi. Ipenyezwe kidogo tu.

4. Madumu ya petroli yasibebwe pamoja na watu, hata mafuta yakiwa haba.

5. Lori la mafuta likipinduka, tukimbie mbali. Huko Sange, kaskazini ya Uvira, tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya watu 230 walikufa kwa moto wa lori la namna hiyo. Hapo mtungi hausaidii kitu.

Gharama ni za mwajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Wajumbe wa matawi, wiki hii tembeeni kwenye maegesho mkatazame mitungi. Andikeni namba ya gari na hali ya mtungi, mpeleke orodha kwa menejimenti, nakala ibaki tawini. Watu husema ajali haina kinga. Mtungi uliogandamana si ajali. Ni uzembe, na uzembe una mwenyewe.