Hisa za dawa za kusaga protini: Uliza kwanza habari za usugu

Wenye hisa katika kampuni ya Arvinas ya New Haven, Marekani, hawataisahau Machi 2025. Kwa siku moja tu bei ya hisa zao katika soko la Nasdaq iliporomoka kwa takriban nusu, baada ya kutangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 624 wa saratani ya matiti.

Dawa iliyojaribiwa, vepdegestranti, ni ya kundi jipya. Dawa nyingi za saratani huziba tu protini inayochochea ugonjwa. Hizi huikamata protini hiyo na kuipeleka kwenye kinu cha seli yenyewe, ikasagwa. Kwa matumaini hayo, mwaka 2021 kampuni ya Pfizer iliilipa Arvinas dola milioni 650, na kununua hisa zake za dola milioni 350.

Matokeo yalikuwa na sura mbili. Kwa wagonjwa ambao jeni yao ya ESR1 imebadilika, hali inayoleta usugu kwa dawa za homoni, ugonjwa ulizuiwa kwa miezi 5.0, dhidi ya 2.1 kwa waliopewa sindano ya zamani. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, tofauti haikutosha. Soko likaona wateja watakuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa.

Hata hivyo, dawa hizi nazo huweza kuzalisha usugu wao. Mfano ni Revlimid, dawa ya saratani ya uboho, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Mwaka 2021 mauzo yake yalifikia dola bilioni 12.8, kabla ya nakala za bei nafuu kuanza kuyapunguza mwaka uliofuata. Dawa hiyo, kama vepdegestranti, huingia kinuni kwa mlango mmoja: protini iitwayo serebloni. Kwa baadhi ya wagonjwa, saratani huipunguza au kuibadilisha serebloni. Mlango ukifungwa, dawa haina kazi.

Dawa mojawapo ya kukabili hali hiyo ni mezigdomaidi, ya Bristol Myers Squibb, iliyoinunua Celgene, mwenye Revlimid, mwaka 2019. Hushika serebloni kwa nguvu zaidi. Katika jaribio lililochapishwa 2023, ikitumiwa pamoja na deksamethasoni, ilileta nafuu kwa asilimia 41 ya wagonjwa 101 walioshindwa na dawa za awali. Watafiti wengine wanatumia mlango tofauti, uitwao VHL.

Kwa mwenye akiba ndogo, maswali ni matatu. Dawa inapita mlango gani? Ukifungwa, kampuni ina mlango mwingine? Je, imefanikiwa kwa wagonjwa wote au kwa kundi tu?

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini kabla ya kumkopesha mhunzi fedha, ni vyema kujua ana koleo ngapi.