Nyimbo Tulivu Zinazonata: Kasi, Mdundo na Kiitikio katika Orodha ya Msikilizaji wa Geita

Orodha ya nyimbo, yaani mkusanyiko uliopangwa ili usikilizwe kwa mfululizo katika simu, katika flashi ya redio ya gari au katika spika ya dukani, huwa ngumu kuipanga pale msikilizaji anapotaka sifa tatu ambazo si kawaida kukutana katika wimbo mmoja. Sifa ya kwanza ni utulivu, yaani wimbo usiomharakisha mtu; ya pili ni kuchezeka, yaani mdundo unaotikisa bega au mguu hata wa aliyeketi; na ya tatu ni kunata, yaani uwezo wa wimbo kubaki kichwani baada ya kuzimwa. Wachaguzi wengi hutafuta utulivu kwa kupunguza kasi peke yake, wakaishia na nyimbo za kuomboleza ambazo hazimchezeshi mtu, ilhali utulivu wenye kuchezeka hutegemea zaidi nafasi zinazoachwa kati ya pigo na pigo.

Kasi ya wimbo hupimwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja, na mtu asiye na chombo chochote anaweza kuipata kwa kupiga kidole mezani kufuatana na wimbo kwa sekunde 15, kisha akazidisha idadi hiyo kwa nne, hivi kwamba mapigo 25 yanamaanisha kasi ya 100. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva, muziki wa vijana uliokua Tanzania tangu miaka ya 1990, hukaa karibu na kiwango hicho, wakati singeli, iliyozaliwa katika vitongoji vya Dar es Salaam, huweza kuvuka mapigo 200 na kwa hiyo haiwezi kuwekwa katika orodha ya utulivu hata ikiwa na kiitikio kizuri. Kwa kipimo cha jumla, nyimbo zenye mapigo kati ya 85 na 115 humfaa msikilizaji anayefanya kazi, anayesafiri au anayepumzika, kwa kuwa zimekaribiana na hatua za mtu anayetembea bila haraka.

Hata hivyo, nyimbo mbili zenye kasi moja zinaweza kutofautiana kabisa, moja ikachezeka na nyingine ikabaki kavu, na chanzo cha tofauti hiyo ni sinkopesheni, yaani mtindo wa kuweka baadhi ya mapigo mahali ambapo sikio halikuyatarajia, kabla au baada ya hesabu kuu. Utafiti wa Maria Witek na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba midundo ya ngoma yenye sinkopesheni ya wastani ndiyo iliyowapa wasikilizaji raha na hamu kubwa zaidi ya kujitikisa, wakati midundo iliyonyooka sana na ile iliyovurugika sana ilipata alama za chini. Maelezo yanayotolewa ni kwamba pigo likikosekana mahali pake, mwili wa msikilizaji hulijaza, na mwili unapofanya hivyo tayari umeanza kucheza.

Kuhusu kunata, Kelly Jakubowski na wenzake nchini Uingereza walilinganisha nyimbo zilizotajwa na watu kuwa zinawaganda kichwani na nyimbo nyingine zenye umaarufu uleule, wakaona kwamba zinazoganda huwa na kasi kubwa kidogo, na huwa na mpandisho na mshuko wa sauti wa kawaida unaokumbukika kwa urahisi, lakini ndani yake mna miruko michache ya sauti isiyotarajiwa. Matokeo hayo yanamwonya mchaguzi wa nyimbo tulivu: kwa kuwa kasi ndogo inapunguza kunata, wimbo wa taratibu hauna budi kufidia upungufu huo kwa kiitikio, yaani sehemu inayorudiwa na ambayo msikilizaji huweza kuidakia.

Elimu hiyo si ngeni kwa wakazi wa Geita na Shinyanga, kwani Usukuma, yaani nchi ya Wasukuma inayoijumuisha mikoa hiyo, una utaratibu wa muda mrefu wa kupima mvuto wa nyimbo hadharani. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo simulizi zinavihusisha na waasisi wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha wa karne ya 19, hushindana baada ya mavuno kwa kucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na upande unaowavuta watazamaji wengi zaidi ndio mshindi. Ushindani wa namna hiyo, unaoendelezwa hadi leo katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza, humlazimisha manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake, atunge kiitikio ambacho mpita njia atakidaka papo hapo. Kando ya ngoma hizo za mashindano ipo bugobogobo, ngoma ya vikundi vya kulima, ambamo mwimbaji hutoa mstari, kundi likaitikia na majembe yakafuata ngoma; kwa kuwa mlimaji hana budi kudumu shambani kwa saa nyingi bila kuishiwa nguvu, mwendo wake haupaswi kumkimbiza wala kumlaza. Ipo pia wigashe, inayoimbwa na kuchezwa watu wakiwa wameketi, na ambayo inathibitisha kwamba mtu anaweza kucheza bila kuinuka.

Muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi za magitaa na ala za kupuliza, ulichukua kanuni hizohizo na kuzichanganya na rumba iliyotoka Cuba na kupitia Kongo. Ukanda wa magharibi wa Tanzania ulichangia sana: Tabora ilitoa Kiko Kids ya Salum Zahoro na Tabora Jazz ya Shem Karenga, iliyojulikana kwa wimbo "Dada Asha", wakati Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi na kutamba kwa mtindo wa saboso. Katika nyimbo hizo gitaa la besi huacha nafasi, gitaa la kati hurudia kifungu kifupi kwa muda mrefu, na gitaa la solo hubadilisha kidogo kila mzunguko, hivyo sikio linapata jambo la kuzoea na jambo la kusubiri kwa wakati mmoja. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, ni mfano mwema wa wimbo wenye maneno mazito ambao hata hivyo haumlemei msikilizaji. Mchaguzi azingatie tu kwamba nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili, ya kwanza ikiwa ya masimulizi ya taratibu na ya pili ikiwa chemko, ambapo kasi na kelele huongezeka. Kwa hiyo wimbo usikilizwe hadi mwisho kabla haujaingizwa katika orodha.

Lugha ya wimbo ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Saida Karoli wa Bukoba alipotoa "Maria Salome" mwaka 2001, akiimba kwa kiasi kikubwa Kihaya, alipendwa na wengi wasioijua lugha hiyo, kwa kuwa ngoma, sauti na marudio yake vilijitosheleza. Mwaka 2016 wasanii wa Bongo Fleva Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo huo na kuutengeneza upya kwa jina la "Salome", wakiutia mdundo mzito wa kisasa wa ukumbini. Anayesikiliza matoleo yote mawili kwa mfuatano hujifunza jambo ambalo maelezo marefu hayawezi kulifundisha vizuri zaidi, yaani kwamba kiitikio kilekile kinaweza kuhudumia baraza la jioni na jukwaa la tamasha, kutegemea kilichowekwa chini yake.

Kwa msikilizaji wa Geita, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha maeneo yaliyotoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, na ambao migodi yake imewavuta watu wa makabila mengi, orodha inayofaa ni ile inayovichota vyanzo hivyo vyote kwa kipimo kimoja cha mwendo. Inaweza kuanza na dansi ya Tabora, ikapita kwa Saida Karoli, ikafika kwenye Bongo Fleva ya taratibu kama "Cinderella" ya Ali Kiba, na kuingia katika amapiano, muziki wa Afrika Kusini wenye mapigo takribani 112 na besi inayodunda kwa kuchelewa, ambao msanii wa Bongo Fleva Marioo aliutumia katika "Mama Amina" mwaka 2021. Nyimbo zinazofuatana zisitofautiane kwa mapigo zaidi ya manane au kumi, kwa sababu mruko mkubwa wa kasi huondoa utulivu hata kama kila wimbo peke yake ni mtulivu.

Chombo cha kusikilizia nacho kina sauti katika uamuzi huo. Spika ndogo ya simu haitoi besi ya chini, na hivyo wimbo wa amapiano unaopendeza katika ukumbi wa Katoro mkoani Geita hubaki na vijimlio vya juu tu unapochezwa kwa simu kando ya krasha la mawe ya dhahabu. Mahali kama hapo nyimbo za magitaa na za sauti za watu, ambazo uzito wake uko katika milio ya kati, husikika vizuri zaidi. Mchaguzi mwangalifu kwa hiyo huupima kila wimbo kwa maswali manne: mapigo yake ni mangapi, nafasi kati ya mapigo hayo inauchezesha mwili au inauchosha, kiitikio kinadakika katika usikilizaji wa kwanza, na je, sehemu inayobeba mdundo itasikika katika chombo kitakachotumika. Wimbo unaojibu yote manne unastahili nafasi yake, uwe umetoka juzi au uwe ulirekodiwa Radio Tanzania kabla msikilizaji hajazaliwa.