Kabla ya kuuliza bei ya gari, uliza dosari yake

Ramadhani iliyopita, waumini wawili wa msikiti wetu hapa Chimala waliacha kusimama safu moja. Mmoja alibaki safu ya mbele kama desturi yake, mwenziwe akahamia nyuma karibu na mlango, na imamu alipotoa salamu kila mmoja alishika njia yake bila kupeana mkono. Hawakugombania ardhi wala uongozi. Kilichowatenganisha ni gari dogo aina ya Toyota Vitz, lililouzwa kwa shilingi 7,500,000.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti huo, na mkataba wa mauziano yale niliuandika kwa mkono wangu. Ndiyo maana, baada ya kuwaomba idhini wote wawili na kuahidi kutowataja majina, nimeona niandike makala haya. Familia nyingi za huku Mbarali, zikishavuna mpunga na kulipa ada za watoto, hukaa zikajadili kununua gari dogo lililotumika. Ni jambo jema, lakini hekima inayotumika kuchagua ng'ombe mnadani aghalabu huachwa nyumbani tunapokwenda kuchagua gari.

Kisa chenyewe

Mnunuzi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mkewe huuza nguo za watoto na hulazimika kusafirisha mizigo yake hadi Igurusi na Rujewa. Mtoto wao wa pili ana maradhi ya pumu na huhudhuria kliniki Mbeya. Kwa miaka minne waliweka akiba: sehemu ya mshahara, faida ya nguo na magunia machache ya mpunga. Muuzaji ni mfanyabiashara wa mchele anayeswali nasi. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, viti vimevishwa vitambaa vipya, na redio inaimba vizuri. Mke wa mwalimu alipouliza kama kuna fundi aliyelitazama, mumewe alimjibu kuwa muuzaji ni ndugu yao katika imani, na kumletea fundi kungekuwa kumvunjia heshima.

Wiki ya tatu, baada ya swala ya alfajiri, waliondoka kumpeleka mtoto kliniki. Katika mpando wa Inyala mshale wa joto ulipanda hadi mwisho, mvuke ukafumka chini ya boneti na injini ikazimika. Walikaa kando ya barabara, baridi ikiwapiga, malori yaendayo Tunduma yakiwapita karibu kabisa, na mtoto akaanza kubanwa na kifua. Dereva mmoja wa lori alisimama akawachukua mama na mtoto hadi Mbeya. Mtoto alitibiwa akapona, alhamdulillah. Gari lilivutwa hadi gereji ya Uyole.

Fundi alipolifungua aliona mara moja kuwa injini iliwahi kuchemsha zamani. Silinda hedi ilikuwa imeshasagwa mara moja, thermostati imeng'olewa, na ndani ya rejeta mlikuwa na maji matupu yenye kutu. Matengenezo yaligharimu shilingi 1,400,000. Muuzaji alipoitwa mbele ya kamati hakukana. Alisema gari lilimchemkia mwaka mmoja nyuma, akalitengeneza na kuamini kuwa limepona. Kisha akaongeza maneno haya: "Hakuniuliza."

Nami nilipofungua nakala ya mkataba nilikuta sentensi niliyoiandika mwenyewe, kwamba gari limeuzwa kama lilivyo. Niliiandika kwa mazoea, kwa kuwa ndivyo mikataba mingi huandikwa. Mimi niliyesoma milango ya biashara chuoni sikumwuliza muuzaji kama kuna dosari anayoijua.

Hukumu ya bidhaa yenye aibu

Wanazuoni huita dosari ya bidhaa "aibu". Katika hadithi ya Uqba bin Amir iliyopokewa na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) amekataza Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu pasipo kumbainishia. Tunakijua pia kisa cha muuza nafaka ambaye Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika lundo lake akakuta majimaji chini, akamwuliza kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone. Wajibu wa kutaja dosari unamwangukia mwenye kuijua, hata kama mnunuzi hakuuliza. Maneno "kama lilivyo" hayamfutii muuzaji dhambi ya kuificha. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya mauziano, ana hiari ya kurudisha bidhaa, au wakakubaliana fidia.

Pamoja na hayo, haki inayodaiwa baada ya gari kufia njiani hupatikana kwa taabu. Ni nafuu kutangulia kwa uangalifu.

Anza na njia na kazi, si na rangi

Jambo la kwanza ni kujiuliza gari litakwenda wapi kila siku. Chimala ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ukingoni mwa bonde la Usangu. Kwenda Mbeya na kurudi ni takriban kilomita 150 za lami, lakini safari ya kwenda ni ya kupanda kwa mamia ya mita. Upande wa kusini kuna njia ya Matamba yenye kona hamsini na saba zinazopanda kuelekea uwanda wa Kitulo. Upande wa mashambani kuna tope la masika. Mwenye kazi ya Matamba kila wiki hahitaji gari lile lile la anayekwenda ofisini kwa lami.

Kwa mwendo wa lami na mizigo midogo, magari ya injini ya cc 1,000 kama Toyota Vitz na Toyota Passo yanatosha, na hula mafuta kidogo. Hufanya kazi kwa taabu yakipakia watu watano na mizigo katika mpando mrefu. Toyota IST, ambayo kizazi chake cha kwanza kilitoka mwaka 2002 kikiwa na injini za cc 1,300 na 1,500, ina nguvu zaidi. Mwenye mizigo ya biashara atazame Toyota Probox; si gari la urembo, lakini limetengenezwa kwa kazi na nyuma lina nafasi kubwa.

Wepesi wa kupata spea na mafundi ni nusu ya thamani ya gari. Yako magari mazuri kama Honda Fit na baadhi ya Nissan March yenye giaboksi aina ya CVT, ambayo huhitaji mafuta yake maalumu. Ukiyatia mafuta ya kawaida ya gia za otomatiki, giaboksi huharibika. Hata baadhi ya Vitz zina giaboksi hiyo. Si kosa kulinunua gari la namna hiyo, lakini hakikisha kwanza kuwa fundi wako analijua na mafuta hayo yanapatikana karibu.

Piga pia hesabu ya mafuta kabla ya kulipa. Kwa safari ya kilomita 150, gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita hutumia lita 10, na linalokwenda kilomita 10 kwa lita hutumia lita 15. Lita tano kila safari, ukienda Mbeya mara nane kwa mwezi, ni lita 40. Zidisha kwa bei ya mafuta ya leo, na huenda gari lililoonekana rahisi likawa ghali.

Herufi ya namba si umri wa gari

Watu wengi huuliza kwanza kama gari ni namba C, D au E. Herufi hizo zinaonesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, hazisemi lilitengenezwa lini wala limetunzwaje. Gari la mwaka 2003 laweza kuwa na namba D, na gari la namba C lililotunzwa na mwenye kujali likawa bora kuliko hilo. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari.

Anayetaka kuagiza kutoka Japani atumie mfumo wa TRA wa mtandaoni wa kukadiria kodi kabla ya kutuma fedha, maana kodi yaweza kukaribia au kupita bei ya gari lenyewe. Kwa miaka mingi, magari yaliyozidi umri wa miaka 10 yametozwa nyongeza ya ushuru kwa sababu ya uchakavu. Aombe pia karatasi ya mnada. Gari lililowekwa alama ya R humo ni lile lililopata ajali likatengenezwa.

Ukaguzi

Nenda na fundi wako mwenyewe, usikubali fundi wa muuzaji wala wa dalali. Nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, jiulize kwa nini liliwashwa mapema. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta uone kama mna kuleti au maji ya kutu. Fungua kifuniko cha oili. Utando wenye rangi ya maziwa ni dalili kuwa maji yameingia kwenye oili. Gari likiwashwa, moshi wa buluu huashiria injini inakula oili, na moshi mweupe mzito usiokoma huashiria maji yanaungua ndani.

Tazama kama taa ya injini kwenye dashibodi huwaka unapofungua swichi na kuzimika baada ya kuwasha. Isiyowaka kabisa huenda imetolewa kusudi. Kilomita zinazosomeka usiziamini peke yake, kwani zinaweza kurudishwa nyuma. Linganisha na kuchakaa kwa usukani, pedali na kiti cha dereva. Kwenye matairi tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ingia uvunguni uone kutu, uvujaji na hali ya bushi na shokapu.

Mwisho liendeshe kwenye mpando, si barabara tambarare ya mjini tu. Sisi tuna bahati ya milima. Laiti mwalimu yule angelipandisha Inyala siku ya kulijaribu, asingelipandisha siku ya kliniki.

Karatasi na fedha

Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi. Hakikisha jina la kwenye kadi ni la muuzaji, au ana idhini ya maandishi ya mwenye gari. Angalia kwa namba ya gari kama kuna faini za barabarani zisizolipwa katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na kama bima ni hai. Umiliki uhamishwe TRA mara moja, usiahirishwe kwa sababu mnajuana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudisha. Anayeandikiana na nduguye hajamtuhumu.

Kuhusu fedha, gari la kurahisisha kazi halina kheri likinunuliwa kwa mkopo wa kausha damu. Mbali na riba yake, mkopo huo humfanya mtu auze gari kwa hasara kabla halijamfaa. Mwenye kuhitaji msaada aulize benki inayofanya kazi bila riba, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, namna ya murabaha: benki hununua bidhaa kisha humuuzia mteja kwa bei na faida zinazojulikana tangu mwanzo. Na usimalize akiba yote kwenye bei. Bakiza walau sehemu moja ya tano kwa uhamisho, bima, oili, matairi na lile fundi atakaloliona mwezi wa kwanza.

Jambo la mwisho ni shura ya nyumbani. Katika kisa chetu, mtu pekee aliyeuliza swali sahihi alikuwa mke wa mwalimu, na hakusikilizwa. Mwenyewe alituambia mbele ya kamati, kwa upole: "Mimi sijui injini, lakini najua kununua bidhaa."

Suluhu

Kamati iliwakalisha mara tatu. Mwalimu alipewa hiari ya kurudisha gari. Akachagua kubaki nalo kwa kuwa limeshatengenezwa vizuri. Muuzaji alikubali kumlipa gharama yote ya shilingi 1,400,000 kwa mafungu matatu, na fungu la mwisho lililipwa baada ya mavuno. Ijumaa iliyofuata niliwaona safu moja, ingawa si bega kwa bega. Hayo mengine tunamwachia Allah (S.W.), mwenye kuunganisha nyoyo.

Kwa upande wangu nimebadilisha karatasi ya mkataba ninayowaandikia waumini. Ile sentensi ya "kama lilivyo" nimeiondoa. Mahali pake kuna mistari mitano mitupu chini ya kichwa kisemacho: "Dosari anazozijua muuzaji". Muuzaji huijaza kwa mkono wake mbele ya mashahidi. Tangu nianze kuitumia, wauzaji wawili wameomba muda wakalitengeneze gari kwanza, kisha warudi kuuza.