Sahihi ya mzazi ni ushahidi

Leo Jumapili, baada ya ibada na mapumziko ya mchana, nyumba nyingi zitakumbuka jioni kwamba kesho ni shule. Madaftari yatatolewa kwenye mabegi. Mtoto atamletea mzazi kalamu na kusema, "Mwalimu amesema uweke sahihi." Mzazi, macho yakiwa kwenye taarifa ya habari, atauliza, "Wapi?" Ataonyeshwa, atasaini, na kazi ya nyumbani itakuwa imekwisha.

Ndugu msomaji, sahihi ile ni ushahidi. Anayesaini anamwambia mwalimu: nimeiona kazi hii, mwanangu ameifanya mwenyewe. Kama hakuiona, ameshuhudia asichokijua. Sisi Wakristo tunaijua amri inayokataza ushahidi wa uongo. Tunaikumbuka tukifikiria mahakama, tunaisahau mezani kwetu. Na mtoto aliyeshika daftari anatazama. Anajifunza kwamba mtu mzima anaweza kuandika jina lake chini ya jambo ambalo hakulichunguza.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtoto wa shule ya msingi ameambiwa ajumlishe nusu na theluthi. Anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, anapata 2/5. Ni kosa, lakini ni kosa lenye faida. Mwalimu akiliona atajua mara moja kwamba mtoto hajaelewa kutafuta asili moja. Hata hajashtuka kuona jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Sasa dada yake wa sekondari, kwa huruma, anafuta na kuandika 5/6. Mzazi anasaini. Mwalimu anaweka vema na kuendelea na mada nyingine. Mtoto amepata vema, lakini hajui. Siku ya mtihani dada hatakuwapo.

Injili ya Luka, sura ya 2, inasimulia jinsi Yosefu na Maria walivyotoka Yerusalemu baada ya Pasaka, Yesu akiwa na umri wa miaka 12. Walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara. Hawakuwa wazazi wabaya. Jamaa walikuwa wengi, na ilikuwa rahisi kufikiri kwamba mtoto yuko na mwingine. Iliwabidi warudi, na baada ya siku tatu walimkuta ameketi kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza.

Elimu ya watoto wetu inapotelea kwenye neno hilohilo: kudhani. Mzazi anadhani mwalimu anamaliza yote darasani. Mwalimu anadhani mzazi anafuatilia nyumbani. Katikati yupo mtoto, tarishi wa pande zote mbili, na tarishi huyu ana sababu zake za kupunguza habari njiani.

Walimu nao wana sehemu yao. Tangu elimu bila ada ilipoanza nchini mwaka 2016, madarasa mengi ya shule za umma yamejaa. Mwalimu mwenye madaftari 80 mbele yake hawezi kumwandikia kila mzazi barua, na hilo tulielewe. Lakini mzazi anayeitwa shuleni pale tu mtoto anapokosea, huishia kuiogopa shule. Akiona namba ya mwalimu kwenye simu, moyo unamruka.

Katika 1 Samweli, sura ya 2, Hana alimpelekea mwanawe Samweli kanzu ndogo kila mwaka, huko alikokuwa akilelewa na kuhani Eli. Kanzu ya mwaka uliopita isingemtosha. Mama alijua kwamba mtoto anakua hata akiwa mbali. Naye Eli hakumpokea kwa mashtaka, bali alimbariki yeye na mumewe. Mwalimu, sentensi moja tu, "Wiki hii amejitahidi," inaweza kumleta mzazi ambaye barua kumi za onyo zimeshindwa kumleta.

Wapo pia wazazi wanaonyamaza kwa aibu. Walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa mtoto amerudi na kazi ya sekondari kwa Kiingereza. Wengine hawakupata kusoma kabisa. Kuuliza si ujinga. Mzazi asiyelijua somo anaweza kusema, "Hebu nieleze kwa Kiswahili mlichofundishwa." Mtoto akikwama, mzazi amepata la kumwambia mwalimu. Aandike, au aombe mtu amwandikie, ukweli mfupi: "Namba 1 na 2 amefanya mwenyewe. Namba 3 ameshindwa, nami sikuielewa." Au: "Hakumaliza, jana tulimpeleka bibi yake hospitali." Mwalimu akisoma hayo anajua aanzie wapi. Asipoyapata, ataona uvivu tu, na mtoto ataadhibiwa kwa jambo lisilo kosa lake.

Siku hizi kuna makundi ya WhatsApp ya wazazi wa darasa. Yanafaa kwa kutangaza kikao au kazi za likizo. Hayafai kwa kumshtaki mwalimu, wala kwa kumtaja mtoto wa mtu aliyefeli. Katika Mathayo 18, Yesu anafundisha kwamba mwenye neno na ndugu yake amwendee kwanza, wakiwa wawili tu. Wala tusimseme mwalimu vibaya mbele ya mtoto. Kesho asubuhi mtoto huyo ataketi mbele yake na hatataka kumsikiliza. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Pengine asubuhi ya leo mwalimu wa mwanao aliketi benchi la nyuma yako. Mlipeana mikono, mkaagana. Jumapili ijayo muulize tu ni siku gani na saa ngapi anaweza kukupokea shuleni.

Na jioni ya leo, mtoto akileta daftari, zima televisheni kwa dakika kumi. Soma, au msikilize akikusomea. Ukiona jibu si lake, mwambie afute, aandike analolijua yeye. Kisha shika kalamu. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, sahihi, kwa jina tunalotia kwenye karatasi na kwa jambo lililo kweli. Tusiyatenganishe.